Bi Namba na Upande wa Tatu wa Jiwe

Kila asubuhi, kabla hajapokea jiwe la mtu yeyote, Bi Namba alinawa mikono, akavaa koti lake la kijivu, halafu akafunua kigae cheupe kilichokuwa kimefungwa kwenye kitambaa cheusi. Kigae hicho hakikuwa pambo. Ndicho kilichokuwa cheupe kuliko vitu vyote ndani ya lile jengo la wauza vito, na mashine ya kupimia rangi ilibidi ikitazame kila siku ili ikumbuke weupe ni nini. Ole wake atakayekigusa kwa kidole! Bi Namba hakuwa mtu wa kupiga kelele. Angekutazama tu, kimya, mpaka uombe radhi mwenyewe kwa kosa usilolijua.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi wa chini, kati ya ngazi na stoo ya mifagio. Kuta za kijivu, meza ya kijivu, pazia la kijivu. Wauzaji walikiita kaburini.

"Leo umezikwa salama, Bi Namba?" wangemwuliza wakipita.

"Salama kabisa. Nafasi yako ipo pembeni."

Ukijivu ule ulikuwa na kazi yake. Shati jekundu humwaga wekundu mpaka juu ya jiwe, na jicho la mtu hudanganyika. Kwa hiyo aliyeingia na nguo ya rangi kali alipewa shuka la kijivu ajifunike kuanzia shingoni, kama mtu anayekwenda kunyolewa. Kulikuwa na muuzaji mmoja mnene, mpenzi wa mashati ya maua, ambaye kila akifunikwa wenzake walichungulia mlangoni na kumwuliza kama ananyolewa au anatahiriwa upya.

Jina la Bi Namba walimpa kwa dhihaka. Mwenyewe alilichukua, akalivaa, likamkaa.

Kuhusu rangi alifundishwa mara mbili. Mara ya kwanza ni utotoni, nyumbani kwa mjomba wake aliyemlea, kaka wa mama yake. Huyo mjomba alikuwa dalali wa mawe, na jengo zima lilimwita Mzee Jicho. Alikuwa akimkalisha mpwa wake barazani, mgongo kwa jua, akimwaga mawe juu ya karatasi nyeupe na kusema neno moja tu: "Nipangie." Mtoto akipanga vibaya, mzee hakumgombeza. Aliyavuruga yote akasema tena, "Nipangie."

Mara ya pili ni gereji, alipokuwa msichana, kazi yake kuchanganya rangi za magari yaliyogongwa. Huko ndiko alikokutana na kipima rangi kwa mara ya kwanza. Aliona wanaume wawili wazima wakitaka kushikana mashati kwa sababu ya mlango mmoja wa gari, huyu akisema rangi imeoana na ule wa zamani, yule akisema haijaoana. Fundi mkuu akaweka mashine juu ya mlango, ikatoa namba, ugomvi ukaisha. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Mashine haikuwa na shemeji. Haikujua nani ni mkubwa wa nani.

Basi chama cha wauza vito kiliponunua mashine yake, kwa sababu wanunuzi kutoka mbali walianza kudai cheti na si neno la mtu, Bi Namba ndiye aliyechukuliwa. Mzee Jicho alinuna wiki nzima. Baadaye akaja, akasimama mlangoni pa kaburi, akasema, "Kama ni lazima kiwepo kichwa cha bati humu ndani, afadhali kiendeshwe na mtu niliyemfundisha mimi." Akaondoka bila kusubiri jibu. Kwake hiyo ilikuwa baraka.

Sasa inafaa ujue kuhusu jiwe lenyewe, maana jengo zima liliishi kwa jiwe hilo moja. Ni jiwe la ajabu. Ukilitazama huku ni buluu. Ukiligeuza ni zambarau. Ukiligeuza tena, upande wa tatu, likiwa bichi kama lilivyotoka ardhini, linakuonyesha rangi kama ya chai ya rangi, kahawia inayoelekea manjano. Lipitishe motoni, ule ukahawia unakimbia. Zinabaki buluu na zambarau peke yake, na jiwe linapendeza hata zaidi. Kulichoma si dhambi, na wengi walichoma mchana kweupe. Lakini jiwe bichi ni adimu na bei yake ni nyingine kabisa, kwa hiyo dhambi ilikuwa kuchoma halafu kusema hukuchoma.

Bi Namba alilibandika jiwe kwenye nta nyeupe, akapitisha mwanga wa mashine, akaligeuza, akapitisha, akaligeuza, akapitisha. Kila upande ulitoa namba tatu. Ya kwanza ilisema jiwe lina mwanga kiasi gani. Ya pili ilisema kama linaelekea wekundu au ukijani. Ya tatu ndiyo iliyokuwa mkubwa wao: ikipanda juu ya sifuri, rangi inaelekea manjano, ikishuka chini, inaelekea buluu. Kwenye jiwe bichi, upande wa tatu, namba hiyo hupanda. Kwenye lililochomwa hubaki chini, uligeuze utakavyo.

Siku moja Mwenyekiti wa chama aliingia mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, akiwa na jiwe kwenye karatasi iliyokunjwa. Alikuwa mtu wa kucheka kwa meno bila macho.

"Mama, kazi ndogo tu hii. Niandikie 'bichi' nikimbie. Mnunuzi wangu anafika kesho mchana."

"Kaa, Mwenyekiti. Jifunike."

"Nijifunike nini, nina haraka."

"Tai yako ya kijani nayo ina haraka. Jifunike."

Akajifunika. Bi Namba alipima upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Namba ilikaa chini ya sifuri. Akalitoa jiwe, akalisafisha kwa spiriti, akapima tena. Ilikaa palepale.

"Limepita motoni," akasema.

Mwenyekiti akacheka. "Mzee Jicho amelitazama jana. Kasema bichi. Mjomba wako huyo, Mzee Jicho, au unamjua mwingine?"

Bi Namba aliinua macho kutoka kwenye nta. "Mjomba kasema hivyo?"

"Mbele ya watu. Kasema anaona kahawia safi, kama asali."

"Kahawia haipo."

"Labda ardhi ndiyo iliyolichoma. Si mnasema wenyewe kwamba mara nyingine moto ni wa ardhini huko huko, na hakuna mtu aliyeligusa?"

"Hutokea, mara chache. Basi nitaandika limepita motoni, na moto wa nani sijui. Hilo naweza kuliandika. Kwamba halijaguswa na moto, siandiki."

Mwenyekiti alijifunua shuka taratibu, akalikunja vizuri, na huo utaratibu wake ndio uliotisha. "Kesho asubuhi naitisha mkutano. Wauzaji wachague: bati lako au Jicho. Wakichagua Jicho, utanipa funguo za chumba hiki. Na kabla hujalala, fikiria jambo moja. Ukiandika hivyo, watu watauliza, imekuwaje Jicho akosee? Watajibu wenyewe: alipewa kitu."

Akatoka. Bi Namba alibaki anatazama namba kwenye kioo cha mashine. Kazi angeweza kuipoteza. Alishawahi kuanza upya. Lakini mjomba wake hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya ule uaminifu wake, na sasa namba iliyotoka mikononi mwake mwenyewe ilikuwa inakwenda kuuvunja.

Alipofunga kazi alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mzee. Kabla hajabisha hodi alisikia ugomvi.

"Nakuuliza, hii ni nyeupe?" Ilikuwa sauti ya Mzee Jicho. "Hii ni maziwa ya jana!"

"Mume wangu, nimeifua, nimeisuuza, nimeitia buluu ya kufulia, nimeianika," alijibu mkaza mjomba. "Imebaki kuipeleka kwa daktari."

"Mashati yangu yote yanageuka manjano, na wewe unaniletea utani!"

"Basi kesho fua mwenyewe, tuone kama yatageuka kijani."

Bi Namba aliingia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mzee alisema akiutazama ukuta. "Nimesikia habari zako. Mwenyekiti kapita hapa. Umenikana mbele yake."

"Sijakukana, mjomba. Nimepima jiwe."

"Nilikuwa nayapima mawe wewe hujaota meno!"

"Naomba nikuulize swali moja, usinipige. Alikupa chochote?"

Mkaza mjomba aliweka beseni chini. Mzee aligeuka, na uso wake haukuwa na hasira tena, ulikuwa na kitu kibaya zaidi.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye unayeniuliza hivyo."

"Nauliza kwa sababu kesho watauliza."

"Niliona kahawia." Alijigonga chini ya jicho la kulia. "Kwa jicho hili. Niliiona kama ninavyokuona. Nikate kichwa, sitasema sikuiona."

Bi Namba alimwamini. Na hilo ndilo lililomchanganya, kwa sababu namba nayo aliiamini. Aliinama, akaokota lile shati lililotupwa juu ya kiti. Lilikuwa jeupe pe. Jeupe la kuumiza.

Alilitazama shati. Akamtazama mzee. Akalitazama tena shati.

"Mjomba, naondoka nalo hili."

"Shati langu? La nini?"

"Likapimwe."

Mkaza mjomba alipiga makofi. "Lipime, mwanangu! Lipime, tujue humu ndani mchafu ni nani!"

Asubuhi, wauzaji walipokuwa wanapanga viti ukumbini, Mzee Jicho alitokea kaburini amefura. Hakuja kwa mashauri, alikuja kuchukua shati lake. Bi Namba alikuwa ameshalilaza chini ya mashine.

"Namba ya tatu iko chini ya sifuri, mjomba. Linaelekea buluu kidogo. Ni ile buluu ya kufulia."

"Bati lako limelewa."

Hakubishana. Alifungua kitambaa cheusi, akaweka kigae mbele yake. Ile siku sanduku la mashine lilipofunguliwa, Mzee Jicho alikuwepo, na alipokiona kigae alifunika macho kwa mzaha akasema kinamchoma. Alikuwa anakifahamu.

"Hiki ni rangi gani?"

Mzee alifungua mdomo kujibu haraka, kisha akakitazama tena. Aliinama karibu. "Siagi," akasema polepole. "Mmekibadilisha?"

"Hakijabadilishwa."

Mkono wa mzee ulikwenda wenyewe mfukoni, ukatoa lenzi, ukaipeleka kwenye jicho la kulia, kama ulivyofanya maisha yake yote. Hivyo ndivyo walivyo watu wa mawe. Anayeanza kazi huchagua jicho moja la lenzi, na hilo ndilo husoma shule. Lingine humsaidia kuvuka barabara.

"Jaribu la kushoto, mjomba."

"La kushoto halijui mawe."

"Sikuambii lijue mawe. Nakuambia lijue kigae."

Alihamisha lenzi kwa mkono mzito. Akaitoa lenzi kabisa, akafumba la kulia, akafumbua, akafumba la kushoto, akafumbua. Alirudia hivyo kama mtoto aliyepewa mchezo mpya, ila hakuwa anacheka. Jicho moja lilimpa kigae cheupe. Jicho lile lingine, jicho lenyewe, lililompa jina, lilimpa siagi.

Akakaa.

"Ni mtoto wa jicho," Bi Namba alisema kwa upole. "Ugonjwa huo wanautoa. Mtu anaingia asubuhi, anatoka siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo ile kahawia..."

"Uliiona kweli. Haikuwa kwenye jiwe."

Mzee alilishika shati lake, akalikunja, akalikunjua. "Na mawe mengine? Yote niliyosema ni mabichi, mwaka huu, mwaka jana?"

"Sijui, mjomba."

Huko nje kiti kilianguka na mtu akacheka. Bi Namba alisema, "Mimi nitasimama niseme habari za jiwe tu. Jicho lako sitalitaja. Siyo langu kulitaja."

"Usipolitaja watasema nilihongwa."

"Ndiyo."

"Na ukiandika 'bichi'?"

"Siandiki, mjomba. Hata wewe ukiniomba."

Mzee alimtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu, tabasamu la pembe moja ya mdomo. "Ungeandika, ningekutandika," akasema.

Mkutano ulijaa. Mwenyekiti alisimama mbele, jiwe likiwa mezani juu ya karatasi nyeupe, akaeleza mambo kwa namna yake: kwamba chama kimejengwa kwa macho ya wazee, kwamba mashine imekuja jana, kwamba mtoto wa kike wa watu amejisahau. Bi Namba aliulizwa kama amebadili mawazo. Alikwenda mbele, akaweka cheti mezani.

"Limepita motoni. Upande wa tatu hauna kahawia. Nimepima mara mbili, na anayetaka nipime mara ya tatu aje nilipime akiona."

"Basi tusipoteze muda," Mwenyekiti akasema. "Anayemwamini Mzee Jicho anyooshe mkono."

Mikono ilinyooka ukumbi mzima. Hata yule mnene wa mashati ya maua alinyoosha, ingawa aliangalia viatu vyake. Bi Namba hakutikisika. Aliwatazama mmoja mmoja, kama anavyomtazama mtu aliyegusa kigae.

"Shusheni," ilisema sauti kutoka nyuma.

Ilikuwa ya Mzee Jicho. Alipita katikati ya viti akiwa na lile shati begani.

"Shusheni mikono, mnanipa kizunguzungu. Mnamwamini Jicho? Haya, Jicho anawaambia hivi: jiwe lile limechomwa. Mimi niliona kahawia, na hakuna aliyenipa hata maji ya kunywa ili niione. Niliiona kwa sababu jicho langu la kulia limeingia mtoto. Kila kitu kwangu ni manjano. Mke wangu nimemwonea bure, nguo anafua vizuri sana. Sasa anayetaka kucheka acheke. Bado nina jicho moja la kumwonea."

Mwenyekiti ndiye aliyejibu kwanza.

"Pole, mzee. Basi wewe huoni, kapumzike. Lakini wewe, mama, chama hakiwezi kukaa na mtu anayevunja biashara ya wanachama. Funguo."

"Jana ulisema mkutano ndio utakaochagua," Bi Namba akajibu. "Mkutano ukisema nitoe, nitaziweka mezani hapa. Kukupa wewe peke yako, hapana."

"Unanijibu hivyo mimi?"

"Nakujibu hivyo wewe. Na koti silivui, nililishona mwenyewe."

Minong'ono ilipanda. Mzee Jicho alinyanyua mkono.

"Sijamaliza. Mawe yote niliyowaambia ni mabichi, ambayo bado mnayo, yarudi yapimwe. Yote. Leo."

Hapo ukumbi ulilipuka. "Mzee, unataka tulale njaa?" mmoja alipiga kelele. "Mengine ndiyo mtaji wangu wote!" Mwingine akasema, "Usipoyapima nani atajua?"

"Atajua wa kwanza atakayeyapeleka kupimwa kwingine," mzee akajibu. "Na hatasema Jicho kakosea. Atasema jengo lile lote ni la wezi, na hatarudi kwa yeyote kati yenu. Nyinyi mlikuwa mnanifuata kwa nini? Kwa sababu nasema kweli, au kwa sababu nasema mnachopenda?"

Hakusubiri wajibu. Aligeuka akaenda kaburini, na ukumbi mzima ukamfuata kwa miguu iliyokuwa inasitasita. Mwenyekiti alibaki na jiwe lake, na mnunuzi wake wa mchana bado hajafika. Alilikunja kwenye karatasi, akalitia mfukoni, akatoka kwa mlango wa mbele bila cheti.

Mzee alikaa kwenye kiti. Alijifunika shuka mwenyewe mpaka shingoni. Kutoka mfuko wa shati alilovaa alitoa karatasi yake iliyokunjwa, na watu wa mlangoni walipoiona walisogea karibu, maana wote walijua kilichomo. Lilikuwa jiwe lake la akiba, alilonunua mwaka uliopita kwa kila alichokuwa nacho, na ambalo alikuwa akijigamba nalo kwamba jengo zima halijawahi kuona bichi kama lile.

"Mjomba, si lazima uanze wewe," Bi Namba alinong'ona.

"Nani aanze? Yule wa maua? Pima. Na usinihurumie."

Alilibandika kwenye nta. Alipima upande wa kwanza, akausoma kwa sauti. Alipima wa pili, akausoma. Alipoligeuza mara ya tatu aliona namba kabla ya wengine, na vidole vyake vikakawia kidogo juu ya mashine. Kisha akaisoma kwa sauti ileile, isiyopanda wala kushuka, ili hata waliokuwa nyuma kabisa waisikie. Ilikuwa chini ya sifuri.

"Limepita motoni," akasema.

Mzee Jicho hakusogea ndani ya shuka lake. Alinyoosha shingo kuelekea cheti kilichokuwa wazi juu ya meza.

"Basi andika," akasema. "Andika kwa herufi kubwa, na mimi nisome."